Zebaki ilivyoshika namba za kompyuta

Swali: Nasoma ufundi wa kompyuta, mwaka wa kwanza. Mwalimu alitaja kwamba kompyuta za mwanzo zilihifadhi namba ndani ya zebaki, kisha akaendelea na mada nyingine. Zebaki ni kimiminika, inashikaje namba? Na je, tabia ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) kusahau kila kitu umeme ukikatika ilianzia huko?

Jibu: Mwalimu wako yuko sahihi. Ila kilichoshikwa hakikuwa zebaki yenyewe, bali sauti iliyokuwa njiani kuipita.

Chukua bomba la chuma la kama mita moja na nusu, lijaze zebaki, kisha kila ncha uiwekee kipande cha kwatsi, aina ya fuwele. Kwatsi ikipata umeme hutikisika, na ikitikiswa hutoa umeme. Pigo la umeme likiingia upande mmoja hugeuka wimbi la sauti, husafiri takriban mita 1,450 kwa sekunde, na baada ya kama milisekunde moja hutokea upande wa pili na kuwa umeme tena. Penye pigo ni moja, pasipo na pigo ni sifuri. Kwa kuwa mapigo hufika yamedhoofika, saketi ya vali (tyubu za kielektroniki zilizofanya kazi ya transista za leo) huyatia nguvu na kuyarudisha mwanzo wa bomba. Mamia ya biti, yaani hizo moja na sifuri, huzunguka hivyo bila kusimama. Ukitaka namba fulani, unaisubiri zamu yake ifike.

Mabomba hayo yalitoka kwenye rada za Vita vya Pili vya Dunia, yalikotumika kuondoa mwangwi wa vitu visivyosogea. J. Presper Eckert, mmoja wa waliojenga ENIAC, kompyuta ya mwanzo ya elektroniki, kule Philadelphia, Marekani, aliona yanafaa kwa kompyuta. Na haja ilikuwa kubwa: ENIAC ilikuwa na vali takriban 18,000, lakini vikokotozi vyake vilishika namba 20 tu, kila moja ya tarakimu 10. Hapa ndipo ningependa utulie. Kasi ya kuhesabu ilikuwa imeshapatikana. Kilichokosekana ni pa kuweka namba. Bila nafasi hiyo hata programu haikuwa na pa kukaa, ikabidi ipangwe kwa nyaya na swichi.

Kompyuta ya EDSAC ya Maurice Wilkes, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ilivuka kikwazo hicho kwa zebaki. Tarehe 6 Mei 1949 ilikokotoa jedwali la miraba ya namba kwa programu iliyokaa ndani yake. Adha kubwa ya zebaki ilikuwa joto: likibadilika, kasi ya sauti hubadilika, na mapigo hufika nje ya wakati. Ukifika Melbourne, Australia, utaiona CSIRAC, kompyuta ya zebaki iliyohifadhiwa mpaka leo.

Huko Manchester, Uingereza, Freddie Williams na Tom Kilburn walitumia tyubu ya kioo kama ile ya TV ya chogo. Biti ilikuwa nukta ya chaji kwenye kioo. Chaji hiyo ilififia chini ya sekunde, hivyo mashine iliisoma na kuiandika upya muda wote. Juni 21, 1948 programu ya kwanza ilikimbia kwenye biti 1,024. Faida yake ni kwamba nukta yoyote ilifikiwa moja kwa moja, bila kungoja zamu, na hiyo ndiyo sifa inayoifanya RAM iwe RAM.

Kuhusu kusahau: zebaki ilisahau, tyubu nayo ilisahau. Kisha mwaka 1953 kompyuta ya Whirlwind, ya chuo cha MIT, Marekani, ikawekewa pete za feraiti (kauri yenye usumaku) ndogo kama ushanga, zilizopitishiwa nyaya, kazi iliyoongozwa na Jay Forrester. Pete hukaa na usumaku wake hata umeme ukizimwa, na kumbukumbu za aina hiyo zilitawala mpaka miaka ya 1970. Kusahau kulirudi na chipu. Intel 1103 ya mwaka 1970, yenye biti 1,024, ilishinda pete kwa bei, ingawa kapasita zake (vijisehemu vinavyoshika chaji) zilivuja chaji na kuhitaji kuandikwa upya kila milisekunde 2. RAM iliyomo kwenye kompyuta yako nayo huandikwa upya, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64.