Jibu: Louie si ya kuangalia na watoto

Mkuu, umeuliza kama Louie, ile komedi ya TV, unaweza kuiangalia sebuleni na watoto. Hapana, subiri walale. Ilirushwa FX, chaneli ya kebo ya Marekani, kuanzia 2010 hadi 2015, na humo matusi na habari za chumbani zimejaa tele.

Ni maisha ya mchekeshaji wa New York aliyeachana na mkewe. Mabinti zake, Lilly na Jane, wanakaa kwake kwa zamu. Usitegemee vicheko vya kurekodiwa. Kuna sehemu hutacheka kabisa.

Anza na ile episodi ya kifaranga cha bata, sizoni ya pili. Baba anakwenda Afghanistan kuchekesha wanajeshi, kumbe Jane kamfichia kifaranga kwenye begi. Huko mbele wanakutana na wanakijiji wenye bunduki, hali tete, kifaranga kinachoropoka, jamaa anakikimbiza, anapiga mweleka. Wote wanaangua kicheko!

Ila ujue mtunzi na mwigizaji wake mkuu, Louis C.K., mwaka 2017 alikiri kweli tuhuma za wanawake watano kuhusu udhalilishaji wa kingono. Wengi wameisusa kwa hilo, na siwalaumu.