Maswali ya Wasomaji: Soda Isiyo na Sukari na Hofu Iliyomo Ndani Yake

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, na mwaka jana niliambiwa kliniki kwamba nina kisukari cha aina ya pili. Niliacha soda za kawaida nikahamia zile zisizo na sukari, moja au mbili kwa siku, na chai naikoleza kwa vile vidonge vidogo vinavyouzwa dukani badala ya sukari. Sasa binti yangu amenionyesha ujumbe unaozunguka kwenye simu, unaosema kwamba soda hizo zina sumu inayoleta saratani na kwamba ni mbaya kuliko sukari yenyewe. Mke wangu amezificha zote. Naomba unieleze ukweli, kwa sababu kunywa maji matupu kwa kila mlo kumenishinda. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Nianze na mama wa nyumbani kwako, kwa kuwa alilolifanya limetoka kwenye mapenzi, ingawa taarifa aliyoifuata ilikuwa nusu tu ya habari. Soda ulizofichiwa si sumu kwa kiasi unachokitaja, na kwa mgonjwa wa kisukari aliyekuwa amezoea soda ya kawaida, zina nafuu kuliko ile aliyoiacha. Hata hivyo si dawa, wala hazistahili kuchukua nafasi ya maji kana kwamba ni kitu kimoja.

Ujumbe aliokuonyesha binti yako una chanzo cha kweli. Tarehe 14 Julai 2023, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, liliiweka aspatamu katika kundi linaloitwa 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Aspatamu ndiyo kikoleza utamu kinachotumika zaidi katika soda za aina hiyo, na kwenye lebo mara nyingi huandikwa E951. Ina utamu unaokaribia mara 200 ya ule wa sukari, na iligunduliwa mwaka 1965 na mkemia wa Marekani, James Schlatter, aliyekuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo, akalamba kidole ili afunue karatasi na kukikuta kitamu. (Siwashauri wanafunzi wa kemia wamuige.)

Jambo ambalo ujumbe wa simu hauelezi ni kwamba siku hiyohiyo kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na Shirika la Afya Duniani, WHO, inayopima viongezi vya chakula, iitwayo JECFA, nayo ilitoa uamuzi wake kuhusu aspatamu, ikasema kwamba haikuona sababu ya kubadili kiwango kilichowekwa tangu mwaka 1981, ambacho ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Watu wengi waliona hapo mgongano, lakini vyombo hivyo viwili vilikuwa vikijibu maswali tofauti. IARC inauliza kama kitu kinaweza kuleta saratani kwa namna yoyote ile, bila kujali kiasi anachokitumia mtu, ilhali JECFA inauliza kiasi gani ni salama. Chombo cha kwanza kinakuambia kwamba uani huenda pana kisima. Cha pili kinakuambia uko hatua ngapi kutoka ukingoni. Kwa hesabu iliyotolewa na WHO yenyewe, kopo moja likiwa na miligramu 200 hadi 300 za aspatamu, mtu mzima wa kilo 70 angelazimika kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 kwa siku moja ili avuke kiwango hicho, ikiwa hapati aspatamu kwingine. Wewe unakunywa moja au mbili.

Ili uone jinsi orodha hizo zinavyopaswa kusomwa, katika kundi hilohilo la 2B imo dondoo ya jani zima la mshubiri, mmea ambao wengi tumeupanda mlangoni na kuusifu kwa kila aina ya tiba. Na katika kundi la 2A, ambalo ushahidi wake ni mzito zaidi, vimo vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65, kwa sababu vinahusishwa na saratani ya umio. Chai inayounguza ulimi, basi, ina kesi nzito kuliko soda yako, na bado sijapokea barua ya mtu aliyefichiwa chupa ya chai.

Sisemi kwamba wanasayansi hawana shaka yoyote. Utafiti uliofuatilia zaidi ya watu wazima laki moja nchini Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba waliotumia vikoleza utamu kwa wingi walipata saratani mara nyingi kidogo kuliko wasiovitumia, na ripoti nyingine kutoka kundi hilohilo ilionyesha uhusiano kama huo kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Ugumu wa tafiti za namna hii ni kujua kipi kilitangulia. Watu wanaotembea kwa mkongojo huanguka mara nyingi kuliko wasio nao, lakini si mkongojo unaowaangusha. Vivyo hivyo, wanaokunywa soda zisizo na sukari mara nyingi ni wale ambao tayari wameongezeka uzito au wameonywa na daktari kuhusu sukari au moyo wao. Watafiti hujitahidi kuondoa tofauti hizo kwa hesabu, lakini haziondoki zote, na kwa hiyo matokeo hayo yanatosha kutufanya tuwe waangalifu bila kututia hofu.

Hofu yenyewe, mwalimu, ina historia ndefu. Sakarini, ambayo huenda ndiyo iliyomo katika vidonge vyako (tazama kwenye kisanduku kama pameandikwa E954), iligunduliwa mwaka 1879. Baada ya panya dume waliolishwa kwa viwango vikubwa mno kuota uvimbe kwenye kibofu, mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipendekeza ipigwe marufuku. Bunge la nchi hiyo lilizuia marufuku hiyo, badala yake likaamuru bidhaa zenye sakarini ziandikwe onyo la saratani, na onyo hilo likakaa hadi mwaka 2000. Liliondolewa baada ya kubainika kwamba uvimbe ule ulitokana na hali ya mkojo wa panya, ambamo sakarini nyingi husababisha chembechembe ngumu zinazokwaruza kibofu, jambo ambalo halitokei hivyo kwa binadamu. Lebo ziliondoka, lakini habari ya panya ingali inasafiri.

Sasa tuje kwenye kisukari chako, ambacho kwa maoni yangu ni suala kubwa kuliko saratani katika barua hii. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kola ya kawaida ina takriban gramu 32 za sukari, sawa na vijiko vinane vya chai, nazo huingia kwenye damu upesi kwa kuwa zimeshayeyuka. Soda ya aspatamu haipandishi sukari ya damu kwa namna hiyo. Huenda umesikia pia kwamba mnamo Mei 2023 WHO ilishauri watu wasitumie vikoleza utamu visivyo sukari kama njia ya kupunguza uzito au kujikinga na magonjwa kama kisukari. Ni kweli, ila ushauri huo ulieleza wazi kwamba hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari, na sababu yake ilikuwa kwamba katika muda mrefu faida ya uzito haikuonekana, si kwamba kuna sumu iliyogunduliwa.

Pana jambo moja ambalo ningependa ulipime mwenyewe. Utafiti uliofanywa Israeli kwa watu wazima 120 na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sakarini na sukralosi (kikoleza utamu kingine kisicho sukari), zikitumiwa kila siku kwa wiki mbili, zilibadilisha jinsi miili ya baadhi ya watu inavyoimudu sukari, na mabadiliko hayo yalikwenda pamoja na mabadiliko ya bakteria wa tumboni. Watu hawakufanana: wengine waliathirika, wengine hawakuathirika. Kama una mashine ya kupimia sukari nyumbani, andika vipimo vyako vya asubuhi kabla ya kula kwa wiki mbili ukitumia vidonge, kisha kwa wiki mbili bila vidonge wala sukari, huku dawa na chakula vikibaki vilevile, na upeleke daftari hilo kliniki. Litamwambia daktari wako mengi kuliko ubishi wa mezani.

Kuhusu chai, angalia mambo mawili. Aspatamu haivumilii moto wa muda mrefu, kwa hiyo ukiichemsha sufuriani utamu wake hupotea. Iweke kikombeni mwishoni. Pia vikoleza vya unga vinavyouzwa katika vifuko mara nyingi huchanganywa na deksitrosi au maltodekstrini ili vipate ujazo, na hivyo si sukari sifuri kamili. Kifuko kimoja hakina neno, lakini mwenye kutia vitatu katika kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, inafaa ahesabu.

Meno hayatofautishi sana soda hizi mbili kama watu wanavyodhani. Soda isiyo na sukari haiwalishi bakteria wa kutoboa meno, lakini tindikali ya fosfori au ya limau iliyomo humomonyoa ganda la jino kwa kiwango kinachokaribiana na soda ya kawaida. Inywe pamoja na chakula, usiinywe kidogo kidogo mchana kutwa, na usipige mswaki papo hapo baada ya kuinywa.

Muombe mama arudishe soda zako, lakini mkubaliane iwe moja kwa siku, na siku nyingine isiwepo. Kwa milo mingine jaribu maji baridi yaliyokamuliwa ndimu au kutiwa vipande vya tango. Kwa mtu anayetoka kwenye soda ya sukari, hii uliyohamia ni hatua mbele. Kwa mtu aliyekuwa akinywa maji, haimwongezei chochote.

SWALI: Je, watoto wangu wa miaka minne na saba wanaweza kunywa soda hizi badala ya za kawaida, au niwape juisi na asali? (Mama wa watoto wawili, Nakuru)

JIBU: Soda isiyo na sukari siku ya sherehe haitawadhuru, isipokuwa mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, ambaye mwili wake hauwezi kuivunja fenilalanini iliyomo katika aspatamu, ndiyo maana lebo huitaja. Lakini kumbuka kwamba kiwango hukadiriwa kwa uzito. Mtoto wa kilo 15 hufikia miligramu 600, ambazo ndizo ukomo wake wa siku, kwa makopo mawili au matatu tu. Nchini Uholanzi, watoto 641 walipewa kila siku mililita 250 za kinywaji, nusu yao chenye sukari na nusu kisicho na sukari, na baada ya miezi 18 waliokunywa kisicho na sukari walikuwa wameongezeka uzito pungufu kuliko wenzao. Hao, hata hivyo, walikuwa watoto waliokwisha kuzoea vinywaji vitamu. Wako wazoeshe maji na maziwa. Juisi, hata ya matunda halisi, ina sukari inayokaribiana na ya soda, na asali au sukari guru mwilini ni sukari tu. Tena asali asipewe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

SWALI: Daktari, asalaam aleikum. Mume wangu anajidunga insulini, na nyumbani tumeondoa kila kitu chenye sukari. Wiki mbili zilizopita alianza kutetemeka, kutokwa na jasho na kusema maneno yasiyoeleweka. Nikampa soda isiyo na sukari akaimaliza yote, wala hakupata nafuu mpaka jirani alipoleta maji ya sukari. Je, soda ile ndiyo iliyomdhuru? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Soda haikumdhuru, ila haikuwa na cha kumsaidia. Dalili ulizozieleza ni za sukari kushuka mno, jambo linaloweza kumpata anayetumia insulini akichelewa kula, akifanya kazi nzito au akizidisha dozi. Ubongo wake wakati huo ulikuwa unahitaji sukari halisi, na utamu usio na sukari hauubebei ubongo chochote hata ukiwa mkali namna gani.

Ikitokea tena, na akiwa anaweza kumeza, mpe takriban gramu 15 za sukari: nusu ya chupa ya mililita 300 ya soda ya kawaida, au vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika nusu glasi ya maji. Subiri dakika 15, mpime sukari, na kama bado iko chini mpe tena kiasi hicho, kisha ale chakula. Akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimtie kitu chochote mdomoni; mlaze ubavu na mwite wa kukusaidia kumfikisha hospitali mara moja. Mweleze daktari wake kilichotokea, maana huenda dozi inahitaji kurekebishwa.

Na leo hii nunua chupa moja ndogo ya soda ya kawaida, uibandike karatasi yenye jina la mume wako, na uiweke mbali na zile nyingine, ili asiye na miwani au mtoto mwenye haraka asije akachukua isiyofaa.