Sindano ya alkoholi kwenye neva za tumbo: nini kinauawa, nini kinabaki

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana saratani ya kongosho na morfini haimtoshi tena. Daktari wake amependekeza achomwe sindano ya alkoholi kwenye vifundo vya neva vilivyo nyuma ya mfuko wa chakula. Vifundo hivyo ni nini, na vikiuawa, utumbo utaendeleaje kufanya kazi?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Vifundo hivyo ni viwili, huitwa ganglia za siliaki, na viko mbele ya aota, mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, pale ateri ya siliaki inapochipuka, usawa wa pingili ya 12 ya kifua na ya 1 ya kiuno. Kongosho liko jirani mno na neva hizo, kiasi kwamba saratani yake huzivamia kwa urahisi, na ndiyo maana mgonjwa husikia maumivu chini ya chembe cha moyo yakipenya hadi mgongoni.

Ganglia ni mkusanyiko wa seli za neva ulio nje ya ubongo na uti wa mgongo. Nyuzi za simpathetiki, yaani za mfumo wa neva unaoandaa mwili kwa dharura, zinazotoka kwenye uti wa mgongo, hasa usawa wa pingili ya 5 hadi ya 9 ya kifua, huungana kuwa neva kubwa ya splankiniki, hupenya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kufika siliaki. Hapo hutoa asetilikolini, kemikali ya kupeleka ujumbe, na seli ya pili huupokea ujumbe na kuufikisha kwenye mfuko wa chakula, ini, wengu na kongosho kwa kemikali nyingine, noradrenalini. Matokeo yake ni mishipa ya damu kubana na mwendo wa utumbo kupungua. Ganglia za mesenteriki, zilizo chini zaidi, hufanya kazi kama hiyo kwa sehemu kubwa ya utumbo.

Lakini si kila uzi unaofika siliaki hupokezana ujumbe hapo. Nyuzi za vagasi, neva ndefu itokayo kwenye ubongo, hupita tu. Nyuzi zinazobeba maumivu nazo hupita tu zikielekea uti wa mgongo, na seli zake mama ziko kandokando ya uti huo. Tunazozilenga ni hizi za maumivu. Alkoholi, kwa bahati mbaya, haichagui, nayo huharibu na za simpathetiki.

Hata hivyo utumbo hausimami, kwa sababu una ganglia zake ndani ya kuta zake: za Auerbach katikati ya tabaka za misuli, na za Meissner chini ya utando wa ndani. Mwaka 1899, wanafiziolojia Bayliss na Starling walionyesha jijini London kwamba utumbo wa mbwa uliokatiwa neva za nje huendelea kusukuma chakula.

Tarajieni mambo mawili baada ya sindano. Baba anaweza kuharisha, kwa kuwa breki ya simpathetiki imelegea. Pia shinikizo la damu linaweza kushuka anaposimama, kwa kuwa mishipa ya tumboni imetanuka na damu imetuama humo. Kwa hiyo huongezewa maji kwa dripu, naye aketi kwanza kitandani kabla ya kuinuka. Mara chache sana miguu hupooza, nanyi mna haki ya kuelezwa hatari hiyo kabla ya kutia saini.

Sindano haitibu saratani, na maumivu huweza kurudi baada ya miezi kadhaa. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambieni daktari mapema, wala msiache morfini ghafla hata akipata nafuu siku hiyohiyo. Hupunguzwa kidogo kidogo.