Jibu: Kila kundi lasaidia, mbona wanaolala nje hawapungui?

Dada, umeuliza kwa nini msikiti, kanisa na kikundi chenu cha vijana vyote vinagawa chakula Mwembe Tayari, Mombasa, na barazani wanalala watu walewale. Chakula hakina ubaya, ila kila kundi lina orodha yake, na mtu mmoja huhesabiwa mara tatu.

Anzeni na daftari moja, mtunzaji mmoja. Hesabuni usiku, saa tano hadi saa saba, watu wakishalala. Mchana mtawachanganya na wachuuzi na mahamali. Andikeni jina analojulikana nalo, anapolala, tangu lini, ana kitambulisho au hana, na kinachomzuia kuingia nyumbani. Ombeni ridhaa yake kwanza. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019, inayolinda taarifa binafsi za watu, yawahusu nanyi pia, kwa hivyo picha za kurusha WhatsApp acheni.

Kikao kiwe kila wiki mbili, na mjadili majina, si miradi. Kila jina lipewe mtu mmoja wa kulifuatilia. Mtoto asiye na mlezi msimhamishe wenyewe. Mpelekeni kwa afisa wa watoto.

Panapoharibika zaidi ni kodi ya nyumba. Mnalipa mwezi mmoja, mnapiga makofi, mwezi wa pili mtu yuko nje tena. Tengeni miezi minne: miwili kamili, wa tatu nusu, wa nne robo. Mlipeni mwenye nyumba moja kwa moja, na mtu aende kumtembelea mpangaji kila wiki. Godoro, jiko na sufuria viingie kwenye bajeti, maana chumba kitupu hakikaliki.