Mlowezi, mkoloni au mhamiaji?

SWALI: Nimeolewa Pennsylvania, na ninawaandikia wanangu kwa Kiswahili habari za ukoo wa baba yao, uliofika huku miaka ya 1740. Nimeanza hivi: "Wakoloni wa Kijerumani waliohamia Marekani." Kisha nimechora "shajara ya familia". Je, ni sahihi? Na babu wa babu wa babu nimwite nani?

JIBU: Dada yangu, anza kwa kuliondoa neno "wakoloni". Mkoloni ni mtawala wa nchi ya wengine, au mtu wa serikali yake. Mkulima aliyeshuka Philadelphia akitokea Pfalz, eneo lililo leo Ujerumani, hakuwa na mamlaka yoyote. Wengi walifika na deni la nauli, na nahodha akauza utumishi wao kwa miaka kadhaa kwa yeyote aliyekuwa tayari kulilipa. Watawala walikuwa Waingereza, na tangu 1727 wanaume wageni waliotoka bara la Ulaya walitakiwa kuapa utii kwa mfalme wa Uingereza waliposhuka bandarini.

"Mhamiaji" linafaa unaposimulia safari. Baada ya hapo halitoshi, kwa kuwa halisemi lolote kuhusu ardhi, na ardhi ile ilikuwa na wenyewe, Walenape, wenyeji wake wa asili. Mwaka 1737 wana wa William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania, walidai kipande cha nchi kinachopimwa kwa mwendo wa mtu wa siku moja na nusu, kisha wakatafuta watu wenye mbio na kuwafyekea njia mapema. Walenape wakapoteza eneo kubwa kuliko walivyodhani. Katika nchi zilizopatikana kwa njia za namna hiyo ndimo familia nyingi zilimojenga na kulima. Kwa hiyo neno lako ni "mlowezi", kutokana na kulowea, yaani kuhamia mahali na kukaa moja kwa moja. Najua msomaji wa Kenya akilisikia huwaza mashamba ya Wazungu kule nyanda za juu, na huenda mtu akataka kulikwepa ili asiwavunjie heshima wakwe. Mimi nasema usilikwepe. Wanao wana haki ya kujua mambo yote mawili, deni la nauli na ardhi ya Walenape.

"Wa Kijerumani" nalo litazame upya. Dola ya Ujerumani iliundwa 1871. Miaka ya 1740 palikuwa na Pfalz, Württemberg, Hesse na nchi ndogo ndogo nyingine, na baadhi ya walowezi hao walitoka Uswisi au Alsace iliyokuwa chini ya Ufaransa. Andika "walowezi wasemao Kijerumani", kisha utaje kijiji chenyewe, maana daftari za ubatizo zilikuwa za parokia, na bila jina la kijiji utafutaji wako utakwama. Vivyo hivyo "Marekani": kwetu neno hili ni jina la nchi iliyojitangazia uhuru 1776. Kabla ya hapo sema "koloni la Pennsylvania".

"Shajara" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mti, na "shajara ya nasaba" lina mantiki yake. Ila siku hizi msomaji wa kawaida, hasa aliye shuleni, huelewa shajara kuwa daftari la kuandikia matukio ya kila siku. "Mti wa nasaba" hautamchanganya mtu. Nami nachagua "nasaba" badala ya "familia", kwa kuwa familia kwa wengi wetu ni watu wa nyumba moja, ilhali ukoo ni jamaa wote, na nasaba ni ule mfululizo wa nani kamzaa nani.

Majina ya watu yaandike kama yalivyo katika hati, ukiongeza "baadaye aliandikwa" fulani. Zimmermann wengine, jina lenye maana ya seremala, waligeuka Carpenter, yaani seremala kwa Kiingereza. Wewe usije ukawageuza Seremala. Ukikutana na Müllerin, ni Müller yuleyule, ila mwenye jina ni mwanamke. Wavulana wengi walibatizwa Johann, wakaitwa maisha yao yote kwa jina la pili, basi usiwaunganishe akina Johann wawili kuwa mtu mmoja.

Sasa babu wa babu wa babu. Kiswahili ni maskini tukihesabu kwenda juu, lakini kwenda chini tuna hazina. Chukua nasaba inayojulikana, ya Dwight Eisenhower, aliyekuwa rais wa Marekani. Hans Nikolaus Eisenhauer alitoka Karlsbrunn akafika Philadelphia 1741. Alimzaa Peter, Peter akamzaa Frederick, Frederick akamzaa Jacob, Jacob akamzaa David, David akamzaa Dwight mwaka 1890. Dwight ni mjukuu wa Jacob, kitukuu cha Frederick, kilembwe cha Peter na kilembwekeza cha Hans Nikolaus. Kwa hiyo anza na yule wa kwanza kushuka melini, uteremke naye hadi kwa wanao. Sentensi yako ya kwanza iwe hivi: "Nasaba ya baba yenu inaanzia kwa mlowezi msema Kijerumani, aliyefika koloni la Pennsylvania miaka ya 1740 akitokea kijiji cha…" Hapo utie jina la kijiji.