Gari ikianza kumisi, usikimbilie duka la spea

Jamani hii Corolla 110 yangu ya 1996 mwaka jana imenila hela za kijinga, na nyingi nilizitoa mwenyewe bila kuuliza. Ilianza kumisi, yaani injini inawaka kwa kukosakosa, asubuhi ukiwasha inatetemeka kama ina homa, sailensi (ule mngurumo wa gari ikiwa imesimama bila kukanyaga mafuta) haikai, inapanda inashuka yenyewe, ikishapata moto inatulia kidogo unasema aah imepona. Sasa panda kilima cha Bugando hapa Mwanza na abiria watatu ndo utajua imepona au la, inapiga kwikwi mpaka unaweka gia namba moja na bodaboda wanakupita wanakuangalia kwa huruma.

Nikaenda gereji. Fundi hakufungua hata boneti, alisikiliza egzosi tu akasema "bosi, hizo plagi." Nikanunua plagi nne, gari ikawa safi wiki moja ikarudi kulekule. Akasema pampu ya mafuta, nikanunua ya mtumba, hamna kitu. Mara ya tatu anataka tubadili distribyuta nzima, kile kifaa kinachogawa moto wa umeme kwa kila plagi, hapo nikamwambia ngoja kwanza. Ile haikuwa ufundi tena, ilikuwa ramli.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani hapa Kirumba, zamani alikuwa anatengeneza injini za boti. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote, pampu, plagi, hela, akanisikiliza weee halafu akauliza, "Silinda gani haifanyi kazi?" Nikabaki namtolea macho. Katika kuzunguka kote huko hakuna aliyeniuliza hilo.

Kumbe kwa hizi injini za 5A zenye distribyuta, kama ya Corolla yangu, kuijua ni kazi ya dakika kumi. Kila silinda ina plagi yake, kwa hiyo zima gari, chomoa waya wa plagi moja, washa, sikiliza. Ikizidi kutetemeka basi silinda hiyo ilikuwa inapiga kazi, zima urudishie uende nyingine. Ukichomoa na mlio usibadilike, umemkamata mchawi wako. Ule waya uliochomoa usiuache unaning'inia, uchomeke kwenye plagi ya zamani iliyogusa chuma cha injini, la sivyo unaweza kuua vifaa vya moto. Na usiiache iungurume muda mrefu, petroli isiyoungua yote inaenda kwenye egzosi. Kuna wanaochomoa huku injini inaunguruma, mi nilijaribu nikarushwa mkono mpaka begani, sirudii.

Yangu ilikuwa namba tatu. Kuvuta waya, ncha yake inatoka inang'aa oili. Mzee akamulika kwa tochi ya simu, mle kwenye tundu kuna dimbwi, plagi imetoa kichwa tu kama lile jiwe la Bismarck ziwa likijaa. Kwenye injini hizi plagi zinakaa kwenye mashimo katikati ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, na kila shimo lina sili yake ya mpira. Mpira ukizeeka kwa joto unakuwa mgumu kama plastiki, oili inapenya taratibu, inalowesha mpira wa waya mpaka unaoza, moto badala ya kwenda kwenye plagi unatorokea pembeni kwenye chuma. Ndo maana plagi mpya zilidumu wiki, oili ilikuwa inajaa tena.

Ukikuta hivyo usifungue plagi kwanza! Nyonya oili yote kwa bomba la sindano au kitambaa, vinginevyo inamwagikia ndani ya silinda. Mi nilibadili gasketi ya tapeti kava pamoja na sili zake nne na waya za plagi, bei yote haikufika nusu ya ile pampu.

Ukiwa na plagi mkononi iangalie rangi. Kahawia au kijivu ni nzima. Nyeusi kavu kama masizi, petroli inazidi. Nyeusi yenye oili kule ndani inakowakia, hapo ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, andaa mfuko. Na kama kila silinda inajibu sawa ila sailensi ndo mbovu, kagua hozi ndogo za hewa, zikipasuka unasikia kamluzi.

Jaribio lingine ni la usiku, hasa kipindi cha mvua na unyevu huu wa ziwa. Zima taa ya nje, fungua boneti injini ikiunguruma, angalia tu usishike. Mi kabla sijabadili waya niliona cheche za bluu zinatembea juu ya waya namba moja kama vimulimuli, watoto wakaita na mama yao aje aone.

Gari sasa inapanda Bugando na gia namba tatu, nyuma nimepakia magunia ya dagaa kutoka Mwaloni. Ile pampu yangu ya zamani, ambayo kumbe ilikuwa nzima, alibaki nayo fundi. Nimeifuata mara mbili, anasema aliitupa.