Pete ya Kirumi ni nyepesi? Usikimbilie kusema feki

Msomaji mmoja ameuliza: sonara aliipima kwa maji (uzito ukilinganishwa na ujazo) pete ya Kirumi ya dhahabu yenye akiki nyekundu iliyochongwa muhuri, akasema ni feki kwa kuwa ni nyepesi mno kwa dhahabu. Sonara huyo kapima vizuri, ila kapima kitu kisichopimika hivyo.

Dhahabu safi ina gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, mradi kitu kiwe dhahabu tupu hadi ndani. Pete nyingi za dhahabu za Kirumi ni bati jembamba la dhahabu lililokunjwa, tumboni likajazwa salfa au udongo. Ndani ya maji unapima dhahabu, salfa na jiwe kwa mpigo, kwa hiyo namba lazima iporomoke. Bati likiwa na ufa, maji hupenya na kipimo kinaharibika kabisa. Na tafadhali, usiisogeze karibu na moto wa gesi! Salfa huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi. Mashine ya kusafishia kwa mtikisiko nayo ikae mbali.

Kujua kama pete ni ya kweli, anza na jiwe. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, taa iwe ubavuni. Mchongaji wa Kirumi alizungusha keekee yenye unga mgumu wa kusagia uliochanganywa na mafuta, hivyo mifereji ya mchongo huwa na kitako cha mviringo. Kwenye uso wa jiwe tafuta mikwaruzo midogo ya kuvaliwa. Mkwaruzo ukifika kwenye mfereji ukakatika ghafla, kingo zikiwa kali, mchongo umekuja baada ya uchakavu, yaani jiwe la zamani limechongwa juzi. Hapo ndipo wengi huliwa. Viputo vya hewa ndani ni dalili ya kioo, lakini kioo si kosa: Warumi wenyewe walimimina vito vya kioo kwenye kalibu.

Kisha angalia jiwe limeshikwa vipi. Kwa kawaida ukingo wa dhahabu hulikumbatia pande zote, na mgongo umezibwa. Kucha nne, au jiwe lililokatwa nyuso nyingi kama almasi ya dukani, si kazi ya Roma.

Ukitaka kuona muhuri, bonyeza plastisini baridi, usitumie lakiri ya moto. Herufi za muhuri huchongwa kinyume. Zikisomeka sawa juu ya jiwe lenyewe usishtuke, huenda ni hirizi.